Upasuaji wa Mkanda kwa Mwanamke Anayevuja Mkojo: Jinsi ya Kuamua, Kujiandaa na Kupona

Mwanamke ambaye mkojo humtoka anapokohoa, anapopiga chafya, anapocheka kwa nguvu au anapoinua ndoo ya maji anaweza kutibiwa kwa upasuaji ambao daktari huweka mkanda mwembamba chini ya mrija wa mkojo ili kuutegemeza. Upasuaji wa aina hii umekuwa ukifanywa kwa zaidi ya miaka 100, na namna zake za siku hizi hutoa matokeo mazuri kwa wagonjwa wengi. Hata hivyo mkanda hutibu aina moja tu ya kuvuja, hauondolewi kirahisi ukishawekwa, na hutofautiana sana kulingana na kitu ulichotengenezwa nacho. Kwa hiyo kazi kubwa ya mgonjwa iko kabla ya siku ya upasuaji, wakati bado ana nafasi ya kuuliza, kulinganisha na hata kuahirisha, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kipindi hicho.

Jua kwanza unavuja kwa namna gani

Mrija wa mkojo wa mwanamke ni mfupi, una urefu wa takriban sentimita 4 tu, nao umelala juu ya ukuta wa mbele wa uke. Tumbo linapokazwa kwa kikohozi au kwa kunyanyua mzigo, msukumo hushukia kibofu na mrija kwa pamoja, na ukuta ulio chini ya mrija ukiwa imara, mrija hubanwa ukafunga. Ukikanyaga mpira wa kumwagilia bustani juu ya saruji maji hukatika, lakini ukiukanyaga juu ya tope mpira hudidimia na maji yanaendelea kupita; ukuta wa uke uliolegea kwa sababu ya kuzaa, umri, kukoma hedhi, unene au kikohozi cha miaka mingi hufanya kama hilo tope. Mkanda huwekwa ili kurudisha sehemu imara chini ya mrija, na hiyo ndiyo kazi yake yote.

Kuvuja kwa namna nyingine kuna sababu nyingine. Mwanamke anayebanwa ghafla na mkojo akashindwa kufika chooni, anayeamka mara kadhaa usiku kwenda kukojoa, au anayevuja akisikia tu maji ya bomba yakichuruzika, ana kibofu kinachojikaza bila kuamriwa. Huyo hutibiwa kwa kukizoeza kibofu, kupunguza chai na kahawa, na dawa. Mkanda haumsaidii, na wakati mwingine humwongezea tatizo. Wapo wenye aina zote mbili kwa pamoja, na kwao swali la msingi ni ipi inawasumbua zaidi. Wapo pia wanaovuja kwa sababu kibofu kimejaa kupita kiasi na hakimwagiki chote, jambo linaloweza kumpata mwenye kisukari cha muda mrefu.

Aina ya nne lazima itajwe kwa sauti katika nchi zetu, nayo ni fistula ya uzazi, yaani tundu kati ya kibofu na uke linalotokana hasa na uchungu wa kujifungua uliokwama kwa muda mrefu. Mwenye fistula huvuja mchana na usiku, amelala au amesimama, bila kukohoa wala kubanwa. Huyu hahitaji mkanda. Anahitaji tundu lake lizibwe na daktari aliyebobea katika kazi hiyo. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam, Gynocare ya Eldoret, Kitovu ya Masaka na Panzi ya Bukavu zinajulikana kwa tiba hiyo. Baadhi ya wanawake waliozibwa tundu huendelea kuvuja wanapokohoa, nao huweza kuambiwa na mtu asiyewajua kwamba wawekewe mkanda wa plastiki. Wasikubali kabla ya kurudi kwa daktari wa fistula, kwa sababu ukuta wao una makovu na damu yake ni haba, na plastiki iliyowekwa hapo ina hatari kubwa ya kutoboa na kutokeza nje.

Njia rahisi ya kujipambanua ni kuandika daftari la kibofu kwa siku 3. Andika saa uliyokunywa na kiasi, saa uliyokojoa na kiasi ukitumia chombo chenye alama za mililita, saa uliyovuja na ulikuwa unafanya nini wakati huo. Karatasi hiyo moja ukimpelekea daktari itamweleza mengi ambayo usingeyakumbuka ukiwa mbele yake, na itakupunguzia aibu ya kuanza kueleza kwa mdomo.

Mazoezi kabla ya kisu

Miongozo mingi ya tiba, ukiwemo ule wa taasisi ya NICE ya Uingereza, inataka mwanamke ajaribu mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga kwa miezi isiyopungua 3 kabla ya kufikiriwa kupasuliwa. Kiasi kinachopendekezwa ni kukaza mara 8 au zaidi, mara 3 kwa siku. Kaza kama mtu anayezuia hewa isimtoke na mkojo usimtoke kwa wakati mmoja, shikilia kwa sekunde chache ukiongeza taratibu hadi kufikia 10, kisha legeza kabisa kabla ya kurudia. Tumbo, mapaja na makalio yabaki yametulia, na pumzi isizuiwe. Usifanye zoezi hili kwa kukatiza mkojo kila unapokwenda chooni, kwani mazoea hayo huharibu utaratibu wa kibofu kujimwaga. Wanawake wengi husukuma chini wakidhani wanavuta juu, na kwa sababu hiyo ni vyema mtaalamu wa fiziotherapia au mkunga mwenye ujuzi akupime angalau mara moja kwa kidole kabla hujamaliza miezi mitatu ukifanya kinyume.

Utafiti mmoja wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2013 uliwagawa wanawake 460 katika makundi mawili, moja likaanza na fiziotherapia na jingine likaanza na mkanda. Baada ya mwaka mmoja, takriban 91 kati ya 100 walioanza na upasuaji walisema wamepata nafuu, ikilinganishwa na takriban 64 kati ya 100 walioanza na mazoezi. Takwimu hizo hutajwa sana na wanaopenda upasuaji. Mimi naona inafaa kutaja na nusu ya pili ya matokeo hayo hayo: takriban nusu ya wanawake walioanza na mazoezi waliomba upasuaji ndani ya mwaka huo, maana yake nusu nyingine hawakupasuliwa. Kwa mwanamke anayevuja kidogo, miezi mitatu ya mazoezi si gharama kubwa. Kwa anayelowa pedi kadhaa kwa siku, si kosa kumwambia daktari mapema kwamba mazoezi huenda yasitoshe.

Uzito nao una uzito wake katika jambo hili. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2009 uliohusu wanawake 338 wanene, waliopunguza wastani wa asilimia 8 ya uzito wao waliona vipindi vya kuvuja vikipungua kwa takriban nusu. Kikohozi kitibiwe, na kilichozidi wiki mbili kipimwe kifua kikuu kabla ya kufikiria mkanda, kwa sababu mkanda mpya unaopigwa na kikohozi kila siku hauna nafasi nzuri ya kushika. Hali kadhalika choo kigumu na sigara.

Mkanda upi, na wa kitu gani

Mgonjwa akiambiwa tu kwamba atawekewa mkanda, bado hajaambiwa jambo la maana. Kuna makundi mawili makubwa, mkanda unaotokana na mwili wake mwenyewe na mkanda wa plastiki, na tofauti kati yao huandamana naye maisha yake yote.

Mkanda wa mwili ndio wa zamani. Mjerumani Goebell alijaribu kutumia msuli wa mgonjwa mwaka 1910, na mwaka 1942 Mmarekani Aldridge akaeleza namna ya kutumia utando mgumu unaofunika misuli ya tumbo. Mpaka leo njia ni ile ile kwa jumla: daktari hupasua juu ya mfupa wa kinena, mahali panapofanana na pale panapopasuliwa kwa kujifungua, hukata kipande cha utando chenye upana wa sentimita 1.5 hadi 2, hukipitisha chini ya mrija wa mkojo mahali unapokutana na kibofu, na kukifunga kwa nyuzi juu. Kwa kuwa ni nyama ya mwenyewe, mwili haukikatai, na hatari ya kutokeza ukeni ni ndogo mno. Gharama yake ni kidonda kikubwa zaidi, siku nyingi zaidi hospitalini, na uwezekano mkubwa zaidi wa kushindwa kukojoa mwanzoni. Utafiti wa Marekani uliowahusu wanawake 655 na kuchapishwa mwaka 2007 uliulinganisha mkanda huu na upasuaji ulioelezwa na Burch mwaka 1961, ambao tishu za pembeni mwa shingo ya kibofu huvutwa juu kwa nyuzi bila mkanda wowote. Baada ya miaka miwili, wanawake 66 kati ya 100 wenye mkanda hawakuwa na tatizo la kuvuja kwa kukohoa, dhidi ya 49 kati ya 100 wa njia ya Burch. Lakini maambukizi ya mkojo na ugumu wa kukojoa vilikuwa vingi zaidi kwa wenye mkanda.

Mkanda wa plastiki ulienea baada ya Ulf Ulmsten wa Uswidi kuchapisha njia yake mwaka 1996, akijenga juu ya nadharia aliyoiandaa pamoja na Peter Petros wa Australia. Ni utepe wa neti wenye upana wa takriban sentimita 1, uliofumwa kwa polipropilini, plastiki ile ile inayotumika kutengeneza baadhi ya nyuzi za kushonea vidonda. Huwekwa chini ya katikati ya mrija, tena bila kuvutwa, kwa kuwa hautakiwi kuubana mrija wakati wote bali kuupa mahali pa kuegemea wakati wa kikohozi. Katika njia ya Ulmsten ncha za utepe hupita nyuma ya mfupa wa kinena na kutokea juu yake. Mwaka 2001 Mfaransa Delorme alieleza njia ya kuzipitisha pembeni, kwenye matundu ya mfupa wa nyonga hadi kwenye mikunjo ya mapaja, na mwaka 2003 Mbelgiji de Leval akaeleza njia hiyo hiyo kwa kuanzia ndani kwenda nje.

Njia hizi mbili za plastiki hukaribiana kwa kuponya. Hutofautiana kwa madhara. Ile ya nyuma ya mfupa hutoboa kibofu kwa wanawake takriban 4 hadi 5 kati ya 100, ilhali ya pembeni hufanya hivyo kwa chini ya 1 kati ya 100. Kibofu kilichotobolewa kikigunduliwa papo hapo, utepe huchomolewa na kupitishwa upya, na tundu hujifunga kwa kuacha mpira wa mkojo, yaani mrija laini unaotoa mkojo kibofuni, kwa siku chache. Njia ya pembeni kwa upande wake husababisha maumivu ya mapaja na mikunjo yake kwa takriban wanawake 6 kati ya 100, na maumivu hayo yakigoma kuondoka huwa magumu kutibu, kwani utepe uliopita ndani ya misuli ya paja hautoki wote bila upasuaji mkubwa. Kwa sababu hiyo baadhi ya madaktari hupendelea njia ya kwanza, nami nadhani hoja yao ni nzito, maana tundu la kibofu huonekana siku ile ile, ilhali maumivu ya paja hudhihirika mgonjwa akiwa amekwisharudi nyumbani.

Neti yoyote inaweza kujitokeza kwenye ukuta wa uke, jambo linalowapata wachache kati ya kila 100, na inaweza kutokea miezi au miaka baadaye. Malalamiko ya wanawake walioumizwa na neti za ukeni yalifanya Uingereza isimamishe matumizi yake ya kawaida mwezi Julai 2018, na ripoti ya tume iliyoongozwa na Julia Cumberlege, iliyotolewa Julai 2020, ilionyesha jinsi wagonjwa walivyopuuzwa walipolalamika. Nchini Marekani mamlaka ya dawa iliamuru mwaka 2019 kusitishwa kwa uuzaji wa neti za kutibia kushuka kwa kizazi zinazowekwa kupitia ukeni, ila amri hiyo haikugusa mikanda ya kuzuia mkojo, ambayo ni myembamba zaidi. Mtu asichanganye mambo haya mawili, wala asiyatumie kumtisha mgonjwa. Analopaswa kujifunza mwanamke hapa ni kwamba ana haki ya kuambiwa kwa maneno wazi kuwa anawekewa plastiki ya kudumu, na kwamba kuna njia nyingine isiyo ya plastiki.

Mazungumzo na daktari

Nenda kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake au wa njia ya mkojo anayefanya upasuaji huu mara kwa mara. Muulize amefanya mingapi katika mwaka uliopita, anatumia njia ipi na kwa nini anaiona inakufaa wewe, wangapi kati ya wagonjwa wake walishindwa kukojoa baadaye, na nani atakayekuhudumia tatizo likitokea baada ya miaka mitano. Daktari mzuri hachukizwi na maswali hayo. Uliza pia iwapo hospitali ina kamera ya kuangalia ndani ya kibofu, kwa sababu njia ya nyuma ya mfupa haipaswi kufanywa bila kuangalia kibofu kabla ya kumaliza. Uliza gharama yote pamoja na utepe wenyewe, na kama una bima, NHIF kwa Tanzania au SHA kwa Kenya, pata jibu la maandishi kuhusu kinacholipiwa.

Eleza mipango yako ya kuzaa bila kuona haya. Wengi hushauriwa kusubiri hadi wamalize kuzaa, kwani mimba na kujifungua vinaweza kulegeza tena kilichorekebishwa. Eleza pia dawa unazotumia, zikiwemo za kuzuia damu kuganda, aspirini na za mitishamba, na mzio wowote ulio nao.

Baadhi ya wagonjwa huhitaji mume, dada au mama mkwe kuwapo katika mazungumzo haya, na hilo ni jambo la kawaida kwetu. Lakini fomu ya ridhaa ni ya mgonjwa mwenyewe, na aombe kusomewa kwa Kiswahili kama imeandikwa kwa Kiingereza.

Vipimo na maandalizi

Daktari atakuomba ufike kibofu kikiwa kimejaa, akulaze au akusimamishe, kisha akwambie ukohoe. Mkojo ukichuruzika papo hapo na kukatika pamoja na kikohozi, ushahidi umepatikana. Utaaibika kidogo, yeye ameliona hilo mara nyingi na ndilo analolitafuta. Baada ya hapo utakojoa na atapima kwa utrasaundi mkojo uliobaki ndani, atachunguza uke kuona kama kizazi kimeshuka au kuna tundu, na atapima mkojo kwa ajili ya U.T.I., yaani maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo lazima yatibiwe kwanza. Vipimo vya mimba na sukari ni vya kawaida. Mashine maalumu ya kupima msukumo wa kibofu haipo katika hospitali nyingi za mikoani, lakini utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 kwa wanawake 630 ulionyesha kwamba kwa mgonjwa asiye na mambo ya ziada, uchunguzi wa kawaida wa daktari unatosha. Mashine hiyo ni muhimu kwa aliyewahi kupasuliwa sehemu hiyo, mwenye dalili zilizochanganyika, au anayeshindwa kumaliza mkojo.

Aliyekoma hedhi huweza kupewa krimu ya homoni ya estrojeni ya kupaka ukeni kwa wiki kadhaa ili ukuta uimarike. Mwenye kisukari adhibiti sukari. Nyumbani, tafuta mapema mtu wa kuchota maji, kupika na kubeba watoto, kwa maana hilo likiachwa hadi baada ya upasuaji, mgonjwa huishia kulifanya mwenyewe.

Siku ya upasuaji

Fika bila kula kwa muda ulioelekezwa. Utepe wa plastiki huweza kuwekwa kwa ganzi ya sehemu, ganzi ya mgongoni au dawa ya usingizi, na kazi yenyewe huchukua takriban nusu saa. Mkanda wa mwili huhitaji ganzi ya mgongoni au usingizi, na muda mrefu zaidi. Utapewa dawa ya kuzuia maambukizi kabla ya kuanza. Daktari hupasua kidogo ukuta wa mbele wa uke chini ya tundu la mkojo, hupitisha mkanda, huangalia kibofu kwa kamera, hurekebisha mkanda ukae kwa ulegevu unaostahili, kisha hushona kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe. Wengi waliowekewa utepe hurudi nyumbani siku ile ile au kesho yake, na wa mkanda wa mwili hulazwa siku chache.

Mpira wa mkojo na siku za kwanza

Jambo linalowasumbua wagonjwa zaidi ya kidonda ni kukojoa. Kabla ya kuruhusiwa utaombwa ukojoe, na mkojo uliobaki utapimwa. Ukibaki mwingi, mpira wa mkojo utarudishwa kwa siku kadhaa, au utafundishwa kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mdogo safi mara kadhaa kwa siku. Hali hii mara nyingi hupita uvimbe unapopungua, nayo si dalili kwamba upasuaji umeshindwa. Hata hivyo usiivumilie kimya. Utepe uliokaza kupita kiasi huweza kulegezwa kirahisi katika wiki ya kwanza au ya pili, kabla mwili haujaushika; ukichelewa, dawa yake ni kuukata.

Ukirudi nyumbani na mpira, mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu, osha sehemu ya nje kwa maji na sabuni kila siku, kunywa maji ya kutosha, na usiruhusu mtu yeyote asiye mhudumu wa afya kuuchomoa. Mwanamke Mwislamu asiache swala kwa sababu ya mpira. Mwenye udhuru wa namna hii hutawadha baada ya wakati wa swala kuingia na kuswali, na akiwa na shaka amuulize mwalimu wake.

Ukiwa huna mpira, kojoa bila kusukuma. Kaa kwa utulivu, inama mbele kidogo, subiri. Mkojo unaweza kutoka polepole kuliko ulivyozoea, na mwendo huo mpya huenda ukabaki hivyo. Choo cha kuchuchumaa hutumika, ila wiki za kwanza, hasa kwa wenye kidonda cha tumboni, kiti cha choo cha kubebeka au ndoo imara yenye kiti hupunguza maumivu. Damu kidogo au ute wa kahawia ukeni ni wa kawaida kwa wiki moja au mbili.

Wiki sita

Kwa wiki 6 usinyanyue kitu kizito, usifanye tendo la ndoa, na usiingize chochote ukeni. Madaktari wengi huweka kikomo cha kilo 5. Dumu la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na mtoto wa miaka miwili hupita kilo 10, kwa hiyo mashauri ya kupumzika yasiyotaja maji, kuni, jembe na mtoto wa mgongoni hayajamshauri mama wa kwetu chochote. Mume aelezwe tarehe ya mwisho wa wiki hizo na daktari mwenyewe ikiwezekana, kwa sababu maelezo yakitoka kwa mke peke yake huonekana kama kisingizio.

Tembea kila siku tangu siku ya kwanza ili damu isigande miguuni. Kula mboga, matunda na maji ili choo kiwe laini. Ikibidi omba dawa ya kukilainisha. Oga kwa maji ya kumwagia badala ya kuketi ndani ya beseni. Kazi ya mezani huweza kuanza baada ya wiki 2 hivi, ya shamba au ya sokoni isubiri wiki zote 6, na zaidi kwa aliyekatwa utando wa tumbo.

Dalili za kurudi hospitali bila kungoja miadi

Rudi siku hiyo hiyo ukishindwa kabisa kukojoa au ukitoa matone tu huku tumbo la chini likijaa na kuuma, ukipata homa, ukitokwa na damu inayolowesha pedi moja kwa saa, ute wenye harufu mbaya, damu nyingi kwenye mkojo, maumivu ya tumbo yanayozidi, mguu kuvimba upande mmoja au kufa ganzi, au pumzi kukatika. Baada ya miezi au miaka, rudi ukihisi kitu kinachokwaruza ukeni, mume akichomwa wakati wa tendo la ndoa, ukitokwa na damu isiyo ya hedhi, au ukipata U.T.I. mara kwa mara. Ukiambiwa ni mawazo yako tu, tafuta daktari mwingine.

Baadaye

Miadi ya kuchunguzwa ukeni ndani ya miezi 6 isiachwe hata kama umepona, hasa kwa mwenye neti. Omba nakala ya ripoti ya upasuaji yenye aina ya mkanda, njia iliyotumika, na kama ni utepe wa kiwandani, jina na namba yake. Ihifadhi pamoja na cheti cha kliniki ya uzazi, kwani daktari atakayekuona baada ya miaka 10 hataweza kukisia. Ukipata mimba, mwoneshe mkunga ripoti hiyo katika hudhurio la kwanza ili njia ya kujifungua ijadiliwe mapema.

Baadhi ya wanawake hupata hali mpya ya kubanwa na mkojo ghafla baada ya upasuaji. Hii hutibiwa kwa mazoezi na dawa, mradi kwanza ihakikishwe kuwa mkanda haujakaza na hakuna maambukizi. Kuvuja kwa kukohoa kukirudi, vipimo vianze upya tangu daftari la siku 3, kwa kuwa kuvuja kwa mara ya pili huenda si kwa aina ile ya kwanza. Ikithibitika ni ile ile, kuna sindano za kujazia ukuta wa mrija, ambazo nguvu yake ni ndogo lakini hazina kisu, na kuna mkanda wa pili, ambao kwa aliyeharibikiwa na plastiki huwa kwa kawaida ule wa utando wa mwili wake mwenyewe, ukiwekwa na daktari aliyezoea kupasua mahali palipokwisha kupasuliwa.